Choo Kikiharibika Nyumbani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Hapa Nakaloke vyoo vya kuvuta maji vinaongezeka haraka kuliko mafundi wanaovielewa. Nyumba inasimama kando ya barabara ya kwenda Kumi, choo cheupe kinang'aa siku ya kuhamia, na haupiti muda mrefu mwenye nyumba ana bili ya maji asiyoielewa, au maji machafu yanamtokea bafuni. Nimeshika spana katika nyumba nyingi za mtaa huu. Mara nyingi ubaya niliouona haukuletwa na choo, uliletwa na mtu aliyegusa kabla ya kutazama. Kwa hiyo yaliyo hapa chini yashikeni kama amri. Moja kati yake ni ya kufa na kupona.

Jaribu koki leo. Chini ya tangi la choo, ukutani, kuna koki ndogo inayofunga maji ya choo peke yake. Izungushe mpaka ifunge, kisha uifungue. Kama imeganda, itengeneze wiki hii, maana usiku bomba litakapopasuka hutakuwa na nafasi. Kama choo chako hakina koki, fundi aliyekijenga alikupunja. Iwekwe. Kila mtu mzima nyumbani ajue ilipo, pamoja na ile kubwa iliyo karibu na mita.

Usinunue kifaa kabla hujajua kilichoharibika. Mtu anaona maji yanatiririka, anapanda boda mpaka mjini Mbale, anaingia dukani na kusema, "Nipe vya ndani vyote." Anarudi na mfuko mzito, anafunga vipya, na maji yanaendelea kutiririka. Fungua kifuniko cha tangi kwanza. Kiweke sakafuni juu ya kitambaa, si ukingoni mwa sinki, kwa sababu kikianguka hutapata kingine cha saizi hiyo. Halafu tazama maji yamefika wapi.

Maji yakiwa yamepanda hadi kwenye mdomo wa bomba la kupunguzia na yanaingia humo, kosa liko juu: ni boya au valvu ya kuingizia maji. Shika boya ulitikise. Ukisikia maji ndani yake limetoboka, halitaelea tena, badilisha hilo tu. Likiwa zima, lishushe kidogo mpaka maji yasimame kama sentimita 2 chini ya mdomo huo. Ukiliinua kwa mkono na maji bado yanaingia, basi valvu ndiyo mbovu.

Maji yakiwa chini ya mdomo huo na bado tangi linajijaza lenyewe kila baada ya muda, kosa liko chini, kwenye mpira wa kufungia. Hapa pima kwa chai. Chemsha chai ya rangi nzito, iache ipoe, imimine ndani ya tangi, na watu wote wa nyumbani wasivute choo kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye sinki, mpira unapitisha. Lakini hata hapo usikimbilie dukani. Funga koki, vuta maji yaishe, toa valvu, upitishe kidole kwenye ukingo wa mpira. Mwezi uliopita nilifanya hivyo katika nyumba moja karibu na msikiti. Kilichokuwa kinamwaga maji ya familia ile usiku na mchana kilikuwa chembe moja ya mchanga, ndogo kuliko punje ya simsim, imekaa kati ya mpira na kiti chake. Niliifuta kwa kitambaa, nikarudisha valvu, nikasikiliza. Kimya. Hakikununuliwa kitu.

Soma mita kabla ya kulala. Funga mabomba yote saa nne usiku, andika namba, isome tena saa kumi na mbili asubuhi kabla ya mtu yeyote kutumia maji. Tuseme zimepita lita 48. Hiyo ni lita moja tu kila dakika 10, mtiririko mdogo ambao hata sauti hausikiki. Kwa siku ni lita 144. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 4,320, yaani jerikani 216 za lita 20. Fikiria mtoto aliyetumwa kisimani abebe jerikani 216 halafu wewe uzimwage chooni. Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, ambalo sote tunaliita National Water, litakutoza kwa kile kilichopita kwenye mita, na litakuwa na haki. Msiende kugombana ofisini kabla ya kupima kwenu.

Maji yakikatika, funga koki ya choo. Yakirudi, usiifungue mara moja. Hili watu wetu hawalijui, nao ndio wanaolihitaji zaidi. Mnakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika, watu wakafa, na mabomba ya maji yakavunjwa mjini Mbale. Maji yaliporudi yalikuja na matope na mchanga. Mafuriko si lazima. Hata bomba la mtaani likikatwa na wachimba barabara ni hivyo hivyo. Maji ya kwanza hubeba takataka, na tundu la valvu ya choo ni jembamba, kwa hiyo takataka hukwama humo kabla ya kwingine. Fungua bomba la uani, liache litiririke kwenye ndoo mpaka maji yang'ae, ndoo hizo zimwagilie migomba, kisha ndipo ufungue koki ya choo. Chembe ile niliyoitoa karibu na msikiti iliingia kwa njia hiyo.

Usivute mara tatu na kunyamaza. Choo cha mpini kinachotaka kubonyezwa mara tatu ndipo maji yashuke kina karatasi ya plastiki iliyochanika ndani ya sifoni. Ni kitu cha bei ndogo, na fundi mwenye akili anaweza kuikata kutoka kwenye plastiki nzito kwa kufuata umbo la ile ya zamani. Kuendelea kukibonyeza kwa nguvu ni kuvunja mpini pia.

Usiweke tofali ndani ya tangi ili kuokoa maji. Linamomonyoka, na vumbi lake ndilo litakaloharibu mpira. Ukitaka kupunguza maji, jaza chupa ya soda, ifunge, iweke pembeni mahali isipogusa boya.

Usikaze kwa hasira. Nati za choo ni za plastiki na sinki ni la udongo wa kuchomwa. Kaza kwa mkono mpaka ishike, ongeza robo mzunguko kwa spana, acha. Tepu nyeupe izungushwe kwa upande ule ule nati inakofungia, la sivyo itajifungua yenyewe unapokaza.

Usifunike uvujaji kwa simenti. Ukiona maji yanatoka kwenye kitako cha choo kila unapovuta, na siku ambayo hakijavutwa pako pakavu, kiungo kati ya sinki na bomba la kutokea kimeachia. Dawa ni kukitoa choo na kubadilisha kiungo hicho cha mpira. Niliitwa na mama mmoja ambaye fundi wa awali alimpakia simenti kuzunguka kitako chote, akalipwa, akaondoka. Maji hayakuacha kuvuja, yaliacha tu kuonekana. Yaliingia chini ya sakafu, yakapanda kwenye ukuta wa chumba cha pili walikolala watoto, rangi ikavimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua. Ilitubidi kuvunja simenti ile kwa patasi, na sinki likapasuka. Mama yule alilipa mara tatu: fundi wa kwanza, sinki jipya, na ukuta. Fundi akichanganya simenti kabla hajakueleza maji yanatoka wapi, mzuie.

Choo kikiziba, uliza kwanza: ni hiki tu, au na vingine? Mimina maji bafuni. Yakishuka vizuri, kizuizi kiko kwenye choo chenyewe. Bafu nalo likirudisha maji, au likitoa sauti ya kububujika unapovuta choo, kizuizi kiko mbele. Nenda nje ufungue chemba ya kwanza. Chemba ikiwa kavu huku choo kimejaa, kizuizi kiko kati ya choo na chemba. Ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele yake. Nenda ya pili. Kwa kufungua vifuniko viwili utajua bila kuvunja hata kigae kimoja. Chemba zote zikiwa zimejaa mpaka shimoni, acha kuhangaika na bomba, shimo lako limejaa. Ita gari la kunyonya.

Zibua kwa kuvuta kuliko kusukuma. Pampu ya mpira izamishwe mpaka maji yaifunike, ishushwe taratibu, kisha ivutwe kwa nguvu, mara 10 au 15. Kunyanyua ndiko kunakotoa kilichokwama. Baadaye mimina ndoo ya lita 10 kwa mkupuo mmoja kutoka usawa wa kiuno.

Usitumie nondo. Usimimine maji yanayochemka. Nondo hutoboa mkunjo wa sinki, maji yanayochemka hulipasua.

Usitupe chooni chochote zaidi ya haja, maji na karatasi laini ya choo. Wengi wetu hapa tunatawaza kwa maji, kopo liko pale pale pembeni, na hilo linatunza bomba. Balaa huja na ukurasa wa gazeti, karatasi ya daftari la shule, gunzi la mahindi, nepi na pedi. Weka ndoo yenye kifuniko ndani ya choo, na mweleze mgeni waziwazi. Msione haya. Binti asiyeambiwa pa kuweka pedi yake ataitupa anapoweza, na kosa si lake. Ni lako wewe uliyejenga choo bila kuweka ndoo.

Kamwe usichanganye dawa. Jik na Harpic zikikutana kwenye sinki moja hutoa gesi ya klorini, na chumba cha choo ni kidogo. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, na dirisha liwe wazi.

Choo kikinuka ilhali ni kisafi, tazama maji yaliyosimama ndani ya sinki. Hayo ndiyo kifuniko cha gesi ya shimoni. Yakipungua yenyewe baada ya kuvuta, bomba la hewa halipo au limezibwa na kiota. Panda utazame. Kuweka marashi si matengenezo.

Usiingie shimoni. Usimruhusu mtu yeyote aingie. Hii ndiyo amri niliyoitaja mwanzoni. Ndani ya shimo la majitaka kuna gesi yenye harufu ya yai bovu, na sumu yake ina hila: ikizidi, inaua uwezo wa pua kunusa. Mtu anaona harufu imekwisha, anadhani ni salama, anashuka. Huanguka kabla ya kupiga kelele. Kisha ndugu yake anashuka kumwokoa, naye anaanguka, na wa tatu anafuata kwa sababu hakuna mwanadamu anayeweza kusimama juu akitazama ndugu yake anakufa. Ndivyo shimo moja linavyochukua watu watatu wa nyumba moja. Simu ikianguka, iache. Mtu akianguka, ita msaada, fungua vifuniko vyote hewa iingie, mshike kwa nguvu anayetaka kumfuata. Usimulike kwa mshumaa wala kiberiti. Gesi nyingine iliyomo huwaka. Kijana wa kibarua akikuambia amezoea kushuka kwa bei nafuu, mkatalie. Mama yake hakumzaa kwa ajili ya shimo lako.

Usiyafungulie majitaka yatiririke mtaroni wakati wa mvua. Najua wanaofanya hivyo usiku. Mtaro huo unapita kwa jirani, kwenye visima vya chini na chemchemi ambazo watoto wa wapangaji huchota maji, na mwisho wake ni kinamasi cha Namatala ambako watu wanasimama ndani ya maji mpaka magotini wakilima mpunga. Gari la kunyonya lina mahali pake pa kumwaga, kwenye mabwawa ya majitaka ya mjini. Muulize dereva anamwaga wapi kabla ya kumlipa. Na unapochimba shimo jipya, liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, chako au cha jirani.

Mwenye nyumba, usiwaachie wapangaji. Vyumba vinane na choo kimoja, kila mmoja anangoja mwenzake aite fundi. Choo ni chako. Kitengeneze.

Ukimaliza, rudisha kila kitu. Vaa glavu tangu mwanzo; kama huna, mifuko miwili ya plastiki kwa kila mkono. Tambara lililotumika lichomwe, spana ioshwe kwa Jik iliyochanganywa na maji, mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Halafu toka uani ukakague vifuniko vya chemba na shimo kimoja kimoja, ukikanyage kila kimoja uone kama kinacheza. Watoto wanatoka shule saa kumi, na hapo uani ndipo wanapochezea mpira.