Hekalu Linalodai Mapato na Matumizi

Wanachuo wenzangu, nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza: "Mwalimu, watu wa zamani kijijini walichaguanaje viongozi?" Nikamjibu juu juu tu. Usiku nikaanza kutafuta mifano, nikakutana na hekalu moja la Kihindu. Tangu siku hiyo sina raha, na mwishoni nitawaambia kwa nini.

Hekalu lenyewe linaitwa Vaikunta Perumal. Liko Uttaramerur, jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, na ni la mungu Vishnu. Kijiji hicho kilianza enzi za wafalme wa Pallava, karne ya 8. Kwa ujenzi, jirani yake Sundaravarada Perumal ndilo la kushangaza: lina ghorofa tatu, chini Vishnu amesimama, katikati ameketi, juu amelala. Vaikunta Perumal ni la kawaida tu. Utajiri wake uko ukutani.

Kwenye mawe yake zimechongwa, kwa Kitamil, kanuni za uchaguzi za mwaka 919 na 921, wakati wa mfalme Parantaka wa Kwanza wa ukoo wa Chola. Kijiji kiligawanywa mitaa 30. Majina yaliandikwa kwenye vipande vya majani ya mvumo, yakatiwa chunguni, kisha mtoto mdogo akaokota mbele ya watu wote. Waliopatikana 30 waligawanywa: 12 kamati ya mwaka, 12 ya bustani, 6 ya bwawa la maji. Walihudumu siku 360, basi.

Tusidanganyane, haikuwa demokrasia ya kila mtu. Mgombea alitakiwa awe na shamba, nyumba kwenye kiwanja chake, umri kati ya miaka 35 na 70, na elimu ya vitabu vitakatifu. Wanawake na wasio na ardhi hawakuwamo.

Ila kuna kanuni moja iliyonichoma: aliyewahi kuwa kwenye kamati asitoe mahesabu, jina lake haliingii chunguni. Wala la ndugu zake!

Sasa, mimi ndiye mtunza hazina wa darasa letu. Tulichanga fedha za safari ya mafunzo muhula uliopita, na mapato na matumizi sijasoma mpaka leo. Sikuiba jamani, ni uzembe. Risiti nyingine zimepotea. Na huku marafiki wananisukuma nichukue fomu ya uongozi. Kule Uttaramerur ningekatwa asubuhi na mapema, na binamu yangu wa mwaka wa kwanza angekatwa pamoja nami.

Kwa hiyo Ijumaa nabandika mahesabu ubaoni, na palipopungua nalipa mwenyewe. Fomu itasubiri. Nawe unayegombea mwaka huu, kabla hatujakuuliza sera, tutakuuliza: ulipokuwa na fedha zetu, ulisoma mahesabu?