Kuni Zilizoteketea Zimekwenda Wapi?



Mtoto wa shule ya msingi akiulizwa maada ni nini, hujibu upesi: "Ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi." Jibu ni jema. Lakini mwulizeni tena, kuni alizotia mama yake mekoni jana zimekwenda wapi, maana leo limebaki jivu kidogo tu. Atasema, "Moto umezila." Hapo ndipo twaona ya kuwa maneno ameyashika, bali jambo lenyewe hajalifahamu. Nasi utotoni tulijibu vivyo hivyo.

Kosa hili latokana na kudhani kuwa hewa si kitu. Basi somo lianze hapo. Shindilieni kitambaa kikavu ndani ya bilauri mpaka chini kabisa, mkaifudikize, mkaizamishe wima katika beseni la maji. Ikitolewa, kitambaa kingali kikavu, kwa kuwa nafasi ile ilikuwa na mwenyewe, yaani hewa. Watoto na wafanye kwa mikono yao. Mwalimu akifanya peke yake, wale wa nyuma hukumbuka beseni tu.

Kisha waambiwe habari za Antoine Lavoisier, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1743. Mwaka 1774 alichoma madini ya bati ndani ya chupa iliyozibwa kabisa, akapima kabla na baada. Uzito wa chupa na vilivyomo haukupungua wala kuzidi. Aliuawa mwaka 1794 katika mapinduzi ya nchi yake, lakini mizani yake yatufundisha hata leo. Kuni nazo hazikuliwa. Zimeungana na oksijeni ya hewani, zikageuka kuwa hewa ya kaboni na mvuke wa maji, zikapanda pamoja na moshi. Jivu ni mabaki yasiyoungua.

Je, na joto? Hapa wengine hupotea, wakalihesabu kuwa namna ya maada. Joto ni nishati. Nishati ya kuni ilitoka juani, na mti uliiweka akiba ulipokuwa ukikua. Tena maji yakiisha kuchemka, ongezeni kuni mpendavyo, hayatazidi kupata moto. Joto lile latumika kuyageuza kuwa mvuke. Mama apunguzaye moto chungu kikichemka anayo elimu hii, ijapokuwa hakuisoma kitabuni.

Lakini jambo lililotusukuma kuandika ni jiko la makaa. Majira ya baridi watu huliingiza chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Husema, "Halina moshi, halidhuru." Sivyo! Makaa yakiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hushika mahali pa oksijeni katika damu. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, na aliyelala huenda asiamke tena. Mwenye dalili hizo atolewe nje upesi, kwenye hewa safi, kisha apelekwe hospitali.

Mtoto aliyefahamu kwamba kisichoonekana nacho ni kitu, ataomba jiko litolewe. Wazee wasimkemee kana kwamba amekosa adabu. Walitoe jiko kwanza, ndipo wamwulize amejifunza wapi.