Vitamini B6, Kingamwili na Ganzi ya Miguu

Kazi ya kingamwili inayofahamika ni kumtambua adui wa mwili na kumshika. Mwaka 1986, makundi mawili ya watafiti nchini Marekani, la Richard Lerner na la Peter Schultz, yalionesha kuwa baadhi ya kingamwili zaweza pia kuchochea mmenyuko wa kikemia, kama vifanyavyo vimeng'enya. Hata hivyo, protini peke yake haimudu kila kazi. Mwaka 1996, Gramatikova na Christen wa Chuo Kikuu cha Zürich, Uswisi, walieleza kingamwili ya panya iitwayo 15A9, ambayo hubadili asidi amino ikipewa kisaidizi kitokanacho na vitamini B6. Protini ni mfano wa fundi wa ngalawa. Vitamini ni tezo lake.

Kingamwili hiyo ni ya maabara, wala si tiba. Lakini kisaidizi hicho hicho hutumiwa na vimeng'enya vingi vya binadamu, vikiwamo vinavyohudumia mishipa ya fahamu. Hapo ndipo somo linapomgusa mgonjwa wa Kisiwa Panza anayemeza isoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu. Isoniazidi huinasa vitamini B6 na kuzuia isigeuzwe kuwa kisaidizi. Tezo likikosekana, nyayo huchonyota, huwaka moto au hufa ganzi. Mgonjwa akidhani dawa inamwangamiza, huiacha. Kifua kikuu hurudi, pengine kikiwa sugu, na kuambukiza jamaa zake.

Walio hatarini zaidi ni wajawazito, wanaonyonyesha, wanaoishi na VVU, wenye kisukari, maradhi ya figo au utapiamlo, na wanywaji wa pombe. Hao hupewa kinga ya vitamini B6, miligramu 10 hadi 25 kwa siku.

Mhudumu wa afya aulize hali ya miguu kila hudhurio, asingoje mgonjwa alalamike. Mgonjwa naye asiache dawa kwa sababu ya ganzi, bali aitaje mapema. Asijiongezee vidonge vya B6, kwani kiwango kikubwa kwa muda mrefu nacho hudhuru mishipa ya fahamu. Samaki, ndizi na viazi vina vitamini hiyo, ila havichukui nafasi ya kidonge alichoandikiwa.

Macho yakigeuka manjano, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, ini laweza kuwa limedhurika: asimeze dozi nyingine kabla ya kuonwa siku hiyo hiyo, hata ikibidi kuvuka bahari hadi Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani.