Dondoo Muhimu: Kasoro ya Sarafu na Uchakavu wa Muhuri

Mwenye kutaka kupambanua kasoro ya kiwandani na mkwaruzo wa mifukoni na ajiulize kwanza: je, mstari auonao umeinuka au umezama? Ufa wa muhuri, yaani kile chuma kilichochongwa kinachoigonga sarafu, huacha mstari ulioinuka, kwa kuwa madini hujipenyeza ndani ya ule ufa. Ama mstari uliozama, aghalabu ni jeraha la baadaye, wala hauzidishi thamani.

Maandishi kuonekana mawili mawili ndiko kunakowahadaa wengi. Itwae senti ya Marekani ya mwaka 1955 yenye sura ya Abraham Lincoln: ile adimu, ambayo muhuri wake ulipokuwa ukitengenezwa ulichapwa mara mbili pasipo kulingana, huonyesha tarehe na neno LIBERTY maradufu hata kwa jicho tupu, kila herufi ikiwa na kingo zake kamili, lakini ile nyingine ya mwaka huo huo, ambayo tarakimu ya mwisho pekee ndiyo yenye kivuli hafifu kilicholala, ni athari ya muhuri uliochakaa kwa wingi wa kazi, na bei yake ni duni, ijapokuwa wapo wachuuzi wainadio kana kwamba ni johari.

Tumia lenzi ya kukuza mara tano hata kumi, ukiigeuzageuza sarafu taratibu kando ya taa moja. Usiisugue kwa ndimu wala majivu, maana kusugua hufuta dalili hizo zote.