SOMO: Ndiyo au Hapana? Namna raia wa Ayalandi walivyoamua

Leo tunatazama Ayalandi, nchi ndogo ya Ulaya. Huko katiba haibadilishwi bila kuwauliza raia. Kwa hiyo, nchi 27 za Umoja wa Ulaya zilipotia sahihi Mkataba wa Lisbon mwaka 2007, Ayalandi peke yake iliupeleka kwenye kura ya maoni. Kwingine waliamua wabunge.

Tarehe 12 Juni 2008, zaidi ya asilimia 53 ya waliopiga kura walisema Hapana. Mkataba wenyewe ulikuwa mgumu kusoma: kurasa nyingi za kufuta neno hapa na kuweka lingine pale, katika mikataba ya zamani. Maelezo yalipokosekana, uvumi ulijaa. Wazazi waliambiwa kwamba vijana wao watachukuliwa kwa nguvu katika jeshi la Ulaya. Ninyi mliokimbia vita mnajua neno kama hilo lina uzito gani kwa mama.

Watu wengine walisema: kama hujui, piga Hapana. Hatuwadharau, nani anatia sahihi karatasi asiyoielewa? Lakini asiyejua anaweza pia kuuliza.

Serikali ilisikiliza hofu hizo, ikarudi kwa nchi nyingine, na mwaka 2009 ikapata ahadi za maandishi: hakuna kulazimishwa jeshini, kodi zitabaki mikononi mwa nchi, na kila nchi itakuwa na kamishna wake. Tume huru, chini ya jaji, ilieleza mkataba bila kumwambia mtu apige nini. Tarehe 2 Oktoba 2009, asilimia 67 walisema Ndiyo. Wapo walionung'unika kwamba raia wanarudishwa kupiga kura mpaka wajibu vizuri. Lawama hiyo ina haki yake, ingawa safari hii walikuwa na majibu mkononi.

Hapa Kongo tulipiga kura ya katiba tarehe 18 na 19 Desemba 2005. Viongozi, ulizeni katika kikao: nani aliona andiko lake kabla ya siku ile? Kisha zungumzeni: nani alituletea habari, na yeye anapata faida gani? Andiko linasema hivyo katika kifungu gani? Na Hapana ikishinda, sheria gani inabaki? Swali hili husahaulika sana. Kwa Ayalandi, jibu lilikuwa mikataba ya zamani kuendelea kama ilivyokuwa.