Virusi Vimeisha, Kovu Limebaki: Kijitabu kwa Nyumba ya Aliyetibiwa Homa ya Ini

Mama mmoja mkaanga samaki alimaliza vidonge vya homa ya ini aina ya C katika wiki 12. Akasubiri wiki nyingine 12, akarudi kliniki, akatolewa damu, akapewa karatasi yenye maneno mawili: virusi havijaonekana. Aliikunja mara nne akaifunga kwenye pindo la khanga, pale anapoficha hela za chenji. Nyumbani wakapiga vigelegele.

Haukupita mwezi. Saa nne asubuhi mkwewe alimkuta amesinzia kwenye kigoda mbele ya karai, samaki wameungua upande mmoja, mafuta yanafuka moshi.

"Mama, si walisema umepona?"

Mama akafuta uso kwa ncha ya khanga. "Walisema, mwanangu. Mwili ndio haujaambiwa."

Swali la yule mkwe huulizwa katika nyumba nyingi: mume kwa mkewe, tajiri kwa kibarua wake, mtoto kwa baba yake. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya anayeuliza, maana yeye ndiye anayeishi na mgonjwa kliniki ikishafungwa.

KARATASI INASEMA NINI

Homa ya ini ya C inatibika ikaisha kabisa. Dawa za kumeza za siku hizi, ambazo mara nyingi ni sofosbuviri na daklatasviri, huwaponya zaidi ya watu 95 katika kila 100. Kipimo kinachothibitisha ni kile cha wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. Kikitoka safi, virusi vimekwisha, na mtu hawezi kumwambukiza mwenzake kitu ambacho hana.

Lakini kirusi cha C huweza kukaa mwilini miaka 20 au 30 bila kelele. Muda wote huo ini huumia na kujiganga, huumia na kujiganga, na kila likijiganga linaacha kovu. Makovu yakizidi, ini linakuwa gumu. Hali hiyo madaktari huiita sirosisi. Damu inayotoka kwenye utumbo inapaswa kupita ndani ya ini. Ikikuta njia imebana inatafuta pa kupenya, mishipa ya koo la chakula inavimba, maji yanachuruzika na kujaa tumboni. Ukiwafukuza panya ghalani, gunia walilolitoboa bado lina matundu. Hata hivyo ini lina subira kuliko gunia: lisiposumbuliwa tena hujitengeneza polepole, na kwa baadhi ya watu makovu hupungua mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo muulize daktari, kwa maneno haya haya: "Ini langu lina makovu kiasi gani?" Wengi hutoka kliniki na furaha yao bila kuuliza. Asiye na makovu makubwa, wala ugonjwa mwingine wa ini, kwa kawaida huruhusiwa kwenda zake. Mwenye sirosisi anatakiwa kupigwa ultrasaundi ya ini kila miezi 6, hata kama virusi vimeisha, hata kama anajisikia mzima kabisa. Saratani ya ini huota kwenye makovu, na ikikutwa ingali ndogo kuna la kufanya. Ikisubiriwa mpaka iume, mara nyingi imeshachelewa. Naomba aya hii isomwe kwa sauti mbele ya familia yote, kwa sababu anayeacha kliniki akisema "mimi nilishapona" huwa hana wa kumkumbusha.

UCHOVU USIOISHA KWA KULALA

Aliyeshinda shambani akilala huamka na nguvu mpya. Aliyeumwa ini huweza kuamka amechoka vile vile alivyolala. Wengine huhisi kichwa kimejaa ukungu: anasahau alichofuata chumbani, anamrudishia mteja chenji mara mbili. Kwa watu wengi hali hii hupungua katika miezi ya baada ya dawa. Kwa wengine hubaki, na kumwambia mtu huyo kwamba anajidekeza ni kumkata maini wakati ini lake tayari lina majeraha.

Hata hivyo msikubali kila kitu kitupiwe ini. Uchovu una milango mingi, na baadhi ya milango hiyo hufungika kwa dawa ya bei nafuu. Mgonjwa aombe apimwe wingi wa damu, sukari, na tezi ya shingoni iitwayo thairoidi. Kisukari na kirusi cha C hutembea pamoja mara nyingi. Waliotibiwa zamani kwa sindano za intaferoni, zile za kila wiki kwa miezi 6 hadi mwaka mzima, wana sababu zaidi ya kupima thairoidi, kwani sindano hizo ziliweza kuivuruga na kwa baadhi ya watu haikurudi sawa. Ziliweza pia kuleta sonona. Mtu aliyeacha kuongea, anayeamka saa tisa usiku na kukodolea dari, ambaye hata mjukuu hamchekeshi tena, apelekwe kwa daktari na hilo litajwe wazi kama linavyotajwa homa.

Kinachosaidia nyumbani ni kugawa siku upya. Kazi nzito ziende kwenye saa ambazo mtu ana nguvu, na kwa wengi ni asubuhi. Kutembea nusu saa kila siku, hata kwa vituo, hupunguza uchovu na kulinda misuli, ambayo kwa mgonjwa wa ini huyeyuka haraka. Kwa yule mama mkaanga samaki, mkwe alichukua karai. Mama akabaki na kupaa magamba na kushika hela, akiwa amekaa, mpaka saa sita, kisha analala kidogo. Biashara haikufa.

SAHANI YENYE MSTARI WA BULUU

Katika nyumba ya mama huyo palikuwa na sahani ya bati yenye mstari wa buluu. Ilitengwa siku majibu ya kwanza yalipotoka, ikawekwa peke yake juu ya debe la mchele. Virusi vikaisha, sahani ikabaki pale pale. Hakuna aliyetoa amri. Hakuna pia aliyeirudisha.

Kirusi cha C hupita kwa damu. Hakipiti kwa sahani, kikombe, kupeana mikono, kukumbatiana, wala kwa mama kupika. Hata kabla ya dawa, kutenga sahani hakukumlinda mtu yeyote. Vitu visivyofaa kuchangiwa ni wembe, mswaki, sindano na vifaa vya kutogea au kuchanjia ngozi, na hivyo havifai kuchangiwa katika nyumba yoyote, ya mgonjwa na ya mzima. Aliyepona pia ajilinde: homa ya C haina chanjo, na kupona mara moja hakumkingi mtu asiambukizwe tena.

Kuna pia swali linaloulizwa kwa kunong'ona: aliipata wapi? Kisa cha Misri kinafaa kusimuliwa hapa. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali yake ilitibu kichocho kwa sindano za mshipani, na sindano za kioo zilitumika kwa mtu zaidi ya mmoja bila kuchemshwa ipasavyo. Wakulima waliopanga foleni kupata tiba wakaondoka na kirusi ambacho dunia ilikuja kukitambua mwaka 1989. Mwaka 2018 nchi hiyo ilianza kampeni iliyopima mamilioni ya watu na kuwatibu bure walioambukizwa. Hapa kwetu pia wapo waliokipata kwa sindano ya hospitali, kwa damu ya kuongezewa kabla ya damu kupimwa, kwa chale, na kwa sindano za madawa ya kulevya. Wote wana ini la aina moja na wanastahili heshima ya aina moja.

Jambo dogo ambalo huwatia watu hofu: kipimo cha haraka cha kingamwili kitaendelea kuonyesha "chanya" maisha yote. Kingamwili ni alama tu. Kovu la chanjo ya kifua kikuu lililo begani kwako halimaanishi una kifua kikuu. Lakini vijana wanaokwenda Ghuba kutafuta kazi hupimwa homa ya ini, na karatasi ya kingamwili inaweza kuleta matata. Mtu awe na nakala ya majibu ya wingi wa virusi, yenye tarehe na muhuri.

DALILI AMBAZO HAZISUBIRI KUPAMBAZUKA

Sehemu hii ni ya nyumba yenye mtu mwenye sirosisi.

Akitapika damu, au choo kikawa cheusi, cha kunata kama lami, tafuteni gari hapo hapo. Huenda mishipa ya koo la chakula imepasuka. Waliokulia kandokando ya Ziwa Victoria wamwambie daktari hivyo, kwa sababu kichocho cha tumbo kilichozoeleka huko nacho huharibu mishipa ya ini na huleta kutapika damu namna hii hii. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Zipo dawa na vipimo vya kamera ya tumboni vya kuzuia kabla mishipa haijapasuka, ulizeni mapema.

Maji tumboni huja kimya. Akina mama wengi hugundua kwa khanga: fundo lililokuwa likifungwa ubavuni leo halifiki. Angalieni na miguu: bonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu, hesabu mpaka kumi, achia. Shimo likibaki kama kwenye donge la unga, nendeni kliniki wiki hiyo. Tumbo lenye maji likiongezewa homa au maumivu, ni siku hiyo hiyo.

Dalili inayopotosha familia kuliko zote ni ya akili. Ini lililochoka hushindwa kuchuja sumu, nazo hufika kwenye ubongo. Mgonjwa analala mchana na kukesha usiku. Anatia chumvi kwenye chai. Anakuwa mkali kwa jambo dogo, au anaongea maneno yasiyoungana. Nimeona watu wakizungushwa kwa waganga siku nne kwa sababu nyumba ilisema ni mashetani, na kumbe tatizo lilianza kwa kukosa choo siku tatu. Mwambie anyooshe mikono mbele, viganja wima, kama anayesimamisha daladala. Viganja vikipigapiga kama bawa la ndege, mpelekeni hospitali. Msimpe dawa ya usingizi. Kama aliandikiwa dawa ya maji ya kulainisha choo iitwayo laktulosi, lengo lake ni choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Akiacha kwa sababu "tumbo limekaa sawa", ukungu hurudi.

JIKONI NA KWENYE MKOBA WA DAWA

Zamani mgonjwa wa ini alikatazwa nyama, mayai na maharage. Ushauri huo ulikondesha watu bure. Anahitaji protini nyingi kuliko mtu mwenye afya: maharage, mayai, dagaa, samaki, maziwa, kuku. Ale kidogo kidogo mara nne au tano, na asilale na njaa. Bakuli la uji wa ulezi kabla ya kulala hulinda misuli usiku. Mwenye maji tumboni apunguze chumvi kweli kweli, na hapo ng'onda na vidonge vya mchuzi ndivyo vya kwanza kuachwa. Kahawa isiyo na sukari ni rafiki wa ini, basi wazee wa kahawa chungu wasinyang'anywe kikombe.

Pombe hapana, ya chupa na ya kienyeji, na kwa mwenye sirosisi hakuna kiasi kidogo kisicho na madhara.

Mahindi na karanga zenye ukungu zitupwe. Sumu ya ukungu huo, sumukuvu, haiishi kwa kuchemsha wala kukaanga, na huongeza hatari ya saratani ya ini. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 waugue mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao walifariki. Kausheni nafaka juu ya turubai, wala msiwape kuku zilizooza.

Mwenye sirosisi akiumwa kichwa, diklofenaki na ibuprofeni humdhuru figo na huweza kumfanya atokwe na damu. Panadol ni salama zaidi, lakini isizidi vidonge 4 vya miligramu 500 kwa siku. "Dawa ya kusafisha ini" inayouzwa stendi, iwe ya mizizi au ya chupa yenye picha nzuri, iacheni. Ini halisafishwi, na nyingine kati ya hizo hulichoma upya. Kama ameshatumia, amwambie daktari bila aibu.

KAMA NI AINA YA B

Homa ya ini ya B ni jambo jingine, na kuchanganya hizi mbili kunaweza kuua. Dawa yake ya kawaida, tenofoviri, huvituliza virusi lakini kwa wengi haivimalizi. Mgonjwa asiiache kwa kuwa majibu ni mazuri. Majibu ni mazuri kwa sababu anaimeza. Akiiacha bila daktari virusi huweza kuamka kwa kishindo. B ina chanjo: mume au mke na watoto wapimwe, na ambao hawana wachanjwe. Na aliyetibiwa C bila kupimwa B akapime, kwani C ikiondoka, B iliyokuwa imelala inaweza kuamka.

DAFTARI

Nunueni daftari moja la kurasa ngumu. Ukurasa wa kwanza andikeni aina ya homa ya ini, majina ya dawa, mwezi aliomaliza, majibu ya wiki 12, na kiasi cha makovu kama daktari alivyotaja. Chini yake tarehe ya ultrasaundi ijayo, kwa wino mwekundu. Kurasa zinazofuata ni za uzito wa kila wiki na maswali ya kumuuliza daktari, yaandikwe siku yanapokuja.

La yule mama linaandikwa na mkwe. Hukaa juu ya debe la mchele, mahali palipokuwa na sahani.