Moto wa Juni na Moto wa Oktoba

Huku kwetu Kilwa na Lindi mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba, nayo masika hukoma mwezi wa Mei. Wakati huo nyasi za mwituni huwa ndefu kumpita mtu. Upepo wa kusi ukisha kushika, nyasi huanza kukauka, na hapo ndipo wanakijiji wanaoutunza msitu wao huenda kwa hiari kuzitia moto.

Mgeni atashangaa: je, mlinzi huichoma mali anayoilinda? Lakini mwezi wa Juni nyasi zingali na unyevu. Moto hutambaa chini chini, na usiku umande huuzima. Mwezi wa Oktoba kila kitu ni kikavu. Mrina asali akiuacha mwenge wake ukiwaka, moto hupanda juu, huua machipukizi, na kuunguza miti mikubwa hata viini vyake vikaoza. Ukifika mahali palipochomwa mapema, hukosa chakula ukafa.

Mti unaohofiwa zaidi ni mpingo, ambao Ulaya hutengenezewa klarineti. Hukua polepole mno; aliyeuona ungali mche huenda asiukate yeye, ila mjukuu wake. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipata hati ya FSC, inayoshuhudia kwamba miti yake huvunwa kwa kiasi.

Wachomaji huanza jioni, upepo ukipungua. Wengine hubaki nyuma, matawi mabichi mikononi, hata cheche ya mwisho izimike.